Nywele kavu na nywele dhaifu si kitu kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Jumamosi ya juzi. Siku hiyo mchana aliingia saluni kwangu binti mmoja, mwanafunzi wa chuo hapa Moshi, mkononi ana kipande cha gazeti alichokikata kwa mkasi vizuri kabisa. Kilikuwa kipande cha ukurasa wenu wa urembo. Mwandishi aliwashauri wasomaji wenye nywele kavu wanunue kondishena yenye protini, waipake kila wiki, wakae nayo nusu saa chini ya draya. Binti alikuwa ameufuata ushauri huo wiki saba mfululizo, hajaruka hata moja. Akavua kilemba. Nikazishika nywele za mbele, juu ya kipaji, nikazipitisha taratibu kati ya vidole, na vipande vikabaki mkononi mwangu: vifupi kama punje za mchele, vigumu, vinachoma kiganja.

"Mama, nimefanya kila walichoandika," akaniambia, machozi yanamlengalenga. "Sasa mbona zinakatika?"

Mhariri, siandiki ili tugombane. Najua aliyeandika alikuwa na nia njema, na nafurahi kwamba gazeti linatupa ukurasa wa mambo haya, maana nywele zinakula fedha zetu na muda wetu, na kwa wengi wetu ni sehemu ya heshima. Lakini ushauri ule ulichanganya mambo mawili yanayofanana kwa macho tu. Nywele kavu ni jambo moja, nywele dhaifu ni jambo jingine, na kondishena inayozifaa hizi inaweza kuziharibu zile.

Mimi ni msusi. Nilianza mwaka 2001 nikiwa msichana wa kubeba maji na kufagia kwenye saluni ya mtu karibu na stendi, na sasa nina saluni yangu Majengo: viti viwili, sinki moja, draya mbili. Mengi nimejifunza kwa mikono. Maneno yaliyoandikwa nyuma ya chupa nimefundishwa na mwanangu wa kwanza, aliyesoma kemia, ambaye alikuwa akikaa nami jioni tukizisoma moja moja kama watu wanaosoma barua kutoka mbali. Kwa hiyo nitakayosema hapa ni ya mikono yangu na ya kitabu chake kwa pamoja.

Kwanza wasomaji waelewe kondishena inafanya nini. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai. Hauna damu, hauli, haujitibu kama kidonda kinavyojitibu. Ukiutazama kwa hadubini umefunikwa na magamba yaliyopangwa kama vigae vya paa, na ndani yake mna nyuzi za protini iitwayo keratini. Shampuu inaondoa uchafu pamoja na mafuta, na inauacha unywele ukiwa na chaji hasi. Ndani ya kondishena mna viini vyenye chaji chanya. Chanya inaikimbilia hasi, inashika, magamba yanalala, kitana kinapita. Tena pale unywele ulipoumia zaidi ndipo chaji hasi ilipo nyingi, kwa hiyo kondishena inashika zaidi kwenye jeraha kuliko penye uzima. Ndiyo maana hata ukisuuza vizuri utelezi fulani unabaki. Kazi hiyo inafanywa na kondishena ya shilingi 4,000 na inafanywa na ya shilingi 40,000. Tofauti iko kwenye vitu vingine vilivyoongezwa humo: mafuta, vitu vya kuvuta unyevu, protini, silikoni. Hapo ndipo mtu anatakiwa achague, na hapo ndipo picha iliyo mbele ya chupa haimsaidii.

Sasa ukavu. Nywele za wengi wetu Waafrika, ukikata unywele mmoja ukautazama kwa ncha, si duara bali ni bapa kama yai lililolaliwa, na unajikunja na kujipinda tangu unapotoka. Mafuta ya ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka kwenye ngazi hiyo ya mizunguko mpaka mwisho. Kwa mwenye nywele za singa mafuta yanateleza tu mpaka chini. Kwetu yanaishia karibu na shina. Ndiyo maana ncha zetu ni kavu hata kama hatujawahi kuweka kitu chochote kichwani. Huo ni ukavu wa maumbile, hauna maana kwamba unywele umeharibika ndani. Unachoomba ni mafuta na ulaini: kondishena nzito, yenye siagi ya shea au mafuta ya nazi au ya parachichi, ipakwe kwa wingi kuanzia ncha.

Udhaifu ni habari nyingine. Dawa ya kunyoosha nywele, ile yenye nguvu, ni sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki ileile inayotengenezea sabuni. Kwenye kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7, dawa hiyo inafika 12 na kupita. Inauvimbisha unywele, inafungua magamba, inaingia ndani na kuvunja vifungo vya salfa vilivyokuwa vinaushikilia mkunjo. Vifungo hivyo havirudi. Bilichi inafanya uharibifu wa namna yake. Unywele wa hivyo umepungukiwa na mwili wake wenyewe, na huo ndio unaofaidika na protini iliyokatwakatwa vipande vidogo vinavyoweza kushika na kuziba pale palipobomoka. Lakini ukiuwekea protini juu ya protini unywele mzima ambao haujapungukiwa na kitu, kwa mikono yangu nimeona unavyokuwa: unakakamaa, unakuwa kama uzi uliotiwa wanga, na siku ukiukunja unakatika.

Nimeliona hilo kwa mtoto wangu mwenyewe, na sitalisahau. Mwaka 2014 binti wa marehemu dada yangu alikuwa anaolewa. Nywele zake zilikuwa za asili, hajawahi kugusa dawa tangu azaliwe, nene, zinafika mabegani zikinyooshwa. Nilitaka siku ya sendofu yake ziwe na nguvu zaidi, zing'ae, watu waseme yule ni mtoto wa msusi. Nikaenda Arusha nikanunua kopo kubwa la protini kwa bei iliyoniuma, nikamfanyia kila Jumatatu saluni ikiwa imefungwa, wiki nane. Kila wiki zilipozidi kuwa ngumu nilijiambia kwamba ndiyo nguvu hiyo inaingia. Siku moja kabla ya sendofu nikaanza kuzichana ili nizibane. Utosini zikakatika zote kwa urefu wa kidole, pakabaki kiraka cha kama kiganja. Tukamvalisha wigi. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mama mdogo, zitaota." Zimeota, lakini mwaka mzima nilikuwa nikimwona anaweka mkono utosini bila kujua kwamba anauweka.

Ndiyo maana niliposoma kipande kile cha gazeti mikono ilinitetemeka.

Tangu wakati huo simpaki mtu kondishena kabla sijaujaribu unywele wake, na jaribio lenyewe kila mtu anaweza kulifanya bafuni. Osha kwanza. Unywele ukiwa umelowa, chukua mmoja uliotoka na kitana, ushike ncha mbili kwa vidole, uvute polepole, polepole kabisa. Unywele mzima uliolowa unarefuka, unafika karibu theluthi moja zaidi ya urefu wake, na ukiuachia unarudi. Ukirefuka kama ubani uliotafunwa na usirudi, au ukawa laini kama utando, huo umeishiwa na nguvu, upe protini, lakini mara moja kisha usubiri wiki kadhaa utazame. Usiporefuka hata kidogo, ukakatika papo hapo kwa mlio mdogo, huo unataka unyevu na mafuta, na protini ni adui yake kwa sasa. Jaribu unywele wa mbele, wa utosini na wa kisogoni, maana kichwa kimoja kinaweza kuwa na majibu matatu.

Nilimfanyia hivyo yule binti. Kisogoni, ambako hakuwa akipaka sana kwa sababu mkono haufiki vizuri, unywele ulirefuka ukarudi. Mbele ulikatika kabla sijauvuta. Akaona mwenyewe.

Mabinti wa siku hizi wanakuja na majibu tayari. Mmoja ananiambia yeye ni 4C, mwingine 3B. Mpangilio huo wa namba na herufi ulianzia Marekani kwa Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, miaka ya 1990, na una faida yake, kwa sababu unaeleza mkunjo ulivyo. Haukuelezi unywele umepitia nini. Watoto wawili wa tumbo moja, wote 4C, mmoja ameweka dawa, mwingine hajaweka kitu: hao hawawezi kuchangia chupa. Wengine wanadumbukiza unywele kwenye glasi ya maji watazame kama unazama au unaelea. Naomba waache. Unywele wenye mafuta kidogo utaelea hata kama umechakaa, kwa sababu uso wa maji unaubeba. Afadhali uangalie zinapooshwa: zinachukua muda gani kulowa mpaka ndani, na zinachukua muda gani kukauka. Zinazolowa upesi na kukauka upesi zimefunguka magamba, zinataka kondishena nzito na mafuta juu yake. Ambazo maji yanakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba zimefunga. Hizo zipakwe kondishena nyepesi kichwa kikiwa na joto, chini ya kofia ya plastiki au stimingi, yaani mashine ya mvuke, la sivyo inabaki juu kama ute.

Kwa walioweka dawa nina neno moja zaidi. Siku ya dawa, usikimbilie kondishena. Kwanza shampuu ya kuzimua dawa, ile ambayo povu lake linageuka rangi ya waridi likikutana na mabaki. Mimi naosha, natazama povu: la waridi, nasuuza, naosha tena, hafifu, naosha tena mpaka liwe jeupe kabisa, na nyuma ya masikio naangalia kwa tochi ya simu. Nimeona saluni wakiosha mara moja na kupaka kondishena juu ya dawa iliyobaki. Ulaini anaousikia mteja pale kwenye kiti unamdanganya, kwa sababu dawa inaendelea kula. Na kuna dawa zinazosemwa ni za upole, zisizo na kostiki. Nyingi kati ya hizo zinatumia kalsiamu haidroksaidi, yaani chokaa, na chokaa hiyo inaganda kwenye unywele. Mtu anakuja anasema kila kondishena aliyonunua haimshiki. Si kosa la kondishena. Aoshwe kwanza kwa shampuu maalumu ya kuondoa chokaa, ndipo kitu kingine kiingie.

Si kila anayekaa kwenye kiti changu ana nywele kama zangu. Mji wetu huu una wageni wa Mlima Kilimanjaro, na wapo wanaoteremka wakataka kusukwa kabla ya kwenda Zanzibar. Mwezi wa nane mwaka jana kiongozi mmoja wa watalii aliniletea dada wa Kizungu aliyekuwa ameshuka jana yake. Siku saba hajaosha, upepo na jua la mita 5,895, kofia ya sufu muda wote. Kisogoni nywele zilikuwa zimeshikana donge la ukubwa wa ngumi, na alikuwa ameshakubali zikatwe. Nywele za singa, nyembamba, za rangi ya majani makavu. Nilimwambia asubiri. Sikutumia shampuu kwanza, kwa sababu ingelikaza donge. Nilimwaga kondishena nyepesi yenye silikoni, ile ya kuteleza sana, nikaiacha dakika kumi, nikaanza na vidole kutoka pembeni ya donge kwenda katikati, kidogo kidogo, kisha kitana cha meno mapana kuanzia ncha kupanda juu. Tulikaa saa mbili na robo. Nadhani nywele zilizotoka hazikuzidi zile ambazo mtu angepoteza kwa wiki hiyo. Lakini kondishena ileile iliyomwokoa yeye siwezi kuitegemea peke yake kwa mama mwenye nywele nene za kipilipili, na siagi ninayompaka mama huyo ingemfanya yule dada aonekane amemwagiwa mafuta ya taa. Wenye nywele nyembamba, wawe Wazungu, Wahindi, Wasomali au Wachaga, maana wapo Wachaga wenye nywele nyembamba sana, wapake kidogo, kuanzia katikati ya unywele kwenda chini, wasiguse shina.

Msimu nao una neno. Mwezi Desemba ndugu zetu wanarudi kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, na saluni hazilali. Wanakuja na kondishena walizozizoea pwani, zenye gliserini nyingi, ambayo kazi yake ni kuvuta unyevu. Dar hewa imejaa unyevu, inafanya kazi nzuri. Wakikaa huku mpaka Januari na Februari, upepo mkavu na vumbi, gliserini haina cha kuvuta hewani, na nywele zinasikika ngumu. Huo ndio wakati wa kufunika kwa mafuta. Na Julai, kwenye baridi yetu, mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa asubuhi kwa sababu joto limeshuka chini ya nyuzi 24. Hayajaharibika, yaweke kwenye bakuli la maji moto. Mafuta hayo ya nazi, ukiyapaka saa chache kabla ya kuosha, yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Hilo limepimwa na wataalamu na kuchapishwa mwaka 2003, na mafuta ya alizeti yaliyopimwa pamoja nayo hayakufanya hivyo. Kwa mwenye nywele kavu, chupa ndogo ya mafuta ya nazi na kondishena ya kawaida itamfaa zaidi kuliko kopo la protini.

Parachichi tunazo nyingi, na mabinti wanazisaga na kuzipaka, wengine na yai. Mafuta ya parachichi ni mazuri. Tunda lenyewe lililosagwa linabaki juu ya unywele, na vipande vyake nimevitoa kwenye rasta za watu kwa kibanio. Yai ndio kabisa: protini yake ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto linaiva kichwani. Lileni tu.

Dada yangu mkubwa ameolewa upande wa Mlima Meru, huko ambako maji yana floridi nyingi na meno ya watu yanageuka kahawia. Maji ya miteremko ile yana magadi pia, yaani yako upande wa alkali, na alkali inafungua magamba ya unywele. Kondishena nyingi zimetengenezwa zikiwa na uchachu kidogo, kwa hiyo kwa mtu wa huko kondishena baada ya kila kuosha si anasa. Yeye anakinga maji ya mvua kwa ajili ya kusuuzia mwisho, na nywele zake zinaonyesha.

Kuhusu kusoma chupa, nitasema kwa kifupi yale yanayofaa dukani. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukiona jina linaloishia na "trimonium", mara nyingi likifuatiwa na "chloride", karibu na juu, hicho ndicho kile kiini chenye chaji chanya, ni kondishena ya kweli. Ukiona "cetyl alcohol" au "cetearyl alcohol" usiogope neno la mwisho. Hiyo si spiriti, ni mafuta magumu yanayolainisha. Inayokausha ni "alcohol denat" ikiwa juu kwenye orodha. Neno "hydrolyzed" mara nyingi maana yake kuna protini. Likiwa mwishoni kabisa ni kidogo, halina shida, likiwa katika vitano vya kwanza basi ujue unanunua dawa ya nywele zilizoharibika, hata kama mbele wameandika kwamba ni ya nywele kavu. Na ndivyo wanavyoandika wengi. Hapo ndipo hata mwandishi wenu, nadhani, alipoteleza.

Halafu kuna jambo linaloniumiza kama mfanyabiashara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua galoni la lita tano kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akiwauzia wasusi wengi. Nyeupe, inanukia nazi, bei nusu. Halikuwa na karatasi yoyote, wala orodha, wala tarehe. Wateja wangu wanne wakawashwa, mmoja akatoka vipele shingoni. Niliporudisha, aliniambia, "Mama, nywele ni nywele tu." Nilimwaga lote chooni, na wateja wale niliwaosha bure mwezi mzima. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kutoka kwa iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Wasusi wenzangu, tudai alama ya TBS na karatasi yenye maandishi. Chombo kisicho na maandishi huwezi kujua kinamfaa nani, na sisi tunakipaka kichwa kimoja baada ya kingine kwa kijiko kilekile.

Nimalizie kwa lile ambalo kondishena haiwezi. Mba hautibiwi kwa kondishena. Ukipaka nzito kwenye ngozi yenye mba unaulisha. Mapunye ya watoto ni fangasi na yanahitaji vidonge vya hospitali, si mafuta ya saluni. Na mama ambaye nywele zinamwisha utosini, ngozi inakuwa laini na inang'aa, asihangaike na chupa hata moja. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, watu wanatoka nchi nyingine kuja kusomea hapo, na sisi tunaoishi kilomita chache tunapita getini kwenda kununua kondishena. Wateja niliowapeleka huko mapema wengine bado wana nywele zao.

Yule binti nilimkata inchi mbili mbele. Nikampaka mafuta ya nazi, nikamwosha kwa shampuu nyepesi, nikampaka kondishena yenye siagi ya shea isiyo na protini, nikamsuka twende kilioni zilegee, bila rasta. Kopo lake la protini nimelihifadhi saluni. Nikipata mteja aliyeunguzwa na bilichi nitalinunua kwake kwa bei aliyonunulia. Jumamosi hii amerudi. Nilifumua msuko mmoja wa mbele, nikalowesha unywele mmoja, nikauvuta. Ulirefuka kidogo, mhariri. Haukurudi wote, lakini haukukatika.

Kipande cha gazeti ameniachia, nimekibandika kwenye kioo. Mkichapisha masahihisho, naomba msiyaweke huku kwenye barua za wasomaji peke yake. Yawekeni kwenye ukurasa uleule wa urembo, mahali palepale, kwa herufi za ukubwa uleule, kwa sababu huo ndio wanaoukata kwa mkasi.

Wako katika kazi,
Msusi wa Majengo,
Moshi.